Rasimu ya Tatu

Kwanza tuligombania jina.
Kampuni inasema "kwadi". Barua ya wilaya inasema
"chombo cha magurudumu manne kisichotumia barabara kuu".
Mzee Vuai, ambaye mlango wake unatazama njia ya kondeni,
akasema: andika punda wa petroli, kila mtu atafahamu.
Nikaandika "chombo". Mimi ni karani wa shehia, hapa Bwejuu,
na kalamu ya ofisi haijui kucheka.

Zilikuwapo sheria zisizo na ubishi.
Mwendo usizidi wa baiskeli iliyopakia kuni.
(Wilaya watataka namba. Nikaweka kumi na tano.)
Ijumaa injini zizimwe
tangu adhana mpaka watu watawanyike.
Na jeneza likipita, dereva ashuke, avue helmeti,
asimame kando hata kama hamjui maiti.
Hili alilitaka Mcha Pandu. Hakueleza kwa nini.
Sote tulimzika mamake,
sote tulikula lile vumbi.

Ndipo Bi Riziki Machano akainuka,
vidole vimekunjamana kwa maji ya chumvi,
akauliza: na makumbi yangu?

Asiye wa pwani hii hawezi kujua.
Kumbi la nazi hufukiwa mchangani maji yakipwa,
likawekewa mawe, kila mtu na alama yake,
likaachwa lioze miezi minane,
ndipo lifukuliwe, lipondwe, lisokotwe kamba.
Mgeni haoni alama. Kwake yeye ufuo ni ufuo.

Mwezi wa Machi ulipita msafara wa saba,
wa nne akazama mpaka usukani.
Akatoka mwanamke wa watu anachuruzika tope jeusi,
ananuka mayai viza, anacheka,
kisha analia,
na aliyemvuta ni Bi Riziki mwenyewe
kwa kamba ya makumbi ya mwaka wa nyuma.
Chombo kilivutwa na trekta.
Shimo likabaki wazi, maji yakajaa,
yakachukua yaliyomo.

Tukapanga faini.
Meneja Idarusi, kijana mpole, daftari pajani,
akataja elfu ishirini. Akaongeza:
"Si maganda tu, mama?"

Hata watoto waliokuwa dirishani walinyamaza.

Bi Riziki hakupandisha sauti.
"Nihesabie miezi minane ya uvundo.
Nihesabie na huu mgongo.
Ukimaliza niambie jumla, mie nitakupunguzia."

Nikaandika: Kifungu cha Sita.
Nikaweka nukta mbili. Wino ukasita hapo.

Kwa sababu nyuma kabisa, karibu na mlango,
alikaa mwanangu Shaame na fulana ya kampuni.
Siku ile yeye ndiye aliyekuwa mbele ya msafara,
na hakugeuka mpaka aliposikia mayowe.
Bati ninaloandikia chini yake limetoka kwenye mshahara huo.
Sikumtazama. Nilijifanya natafuta rula.

Akasema, sauti ile ya kukohoa anayotumia akikosa:
"Mashimo yote nayajua. Nimecheza humo.
Nipeni vigingi, nitavitia vitambaa."
Hakuomba radhi. Hakuna aliyemdai.
Bi Riziki alimtazama kitambo,
kisha akamuuliza kama bado anaogopa kaa.

Rasimu ya pili imerudi kutoka mjini na wino mwekundu.
"Kuni" zimekatwa, sawa, namba ibaki.
"Asimame kando" imekuwa "atoe nafasi ipasavyo".
Na kwenye cha sita, kwa mwandiko mzuri wa mtu mwenye kiyoyozi:
badala ya "makumbi" weka "mali nyingine za wananchi".

Usiku huu naandika ya tatu.
Uani Shaame anachana kanga yangu kuukuu,
kila kipande upana wa kiganja; ile nyekundu,
niliyoikataza isiguswe.
Nasikia uzi unavyokatika.
Namba nimeiacha. Nafasi ipasavyo, haya, nimeiacha.
Nimefika cha sita,
naandika makumbi.